Kwa nini CAG hakamati mtu

Kila mwaka nchini Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akishamkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, wananchi huuliza: mbona wezi hawakamatwi? Swali ni la haki, ila limebisha hodi mlango usio wake.

Ibara ya 143 ya Katiba inampa CAG kazi kadhaa, zikiwemo hizi mbili. Kabla fedha hazijatoka Mfuko Mkuu wa Hazina, ajiridhishe kwamba matumizi yameidhinishwa kisheria. Zikishatumika, akague hesabu walau mara moja kwa mwaka. Pingu hazimo. Akishuku ubadhirifu au rushwa, huviarifu vyombo vya uchunguzi kama TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na Mkurugenzi wa Mashtaka hupata nakala. Mkaguzi akipewa na rungu la kuhukumu, yeye atakaguliwa na nani?

Wengi, madiwani wakiwemo, hupotea kwenye hati, yaani maoni ya mkaguzi kuhusu hesabu. Hati safi maana yake hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi kwamba darasa lililojengwa lina thamani ya fedha iliyolipwa. Halmashauri inaweza kushangilia hati safi huku ripoti hiyo hiyo imejaa hoja, yaani kasoro zinazotakiwa kujibiwa, za manunuzi yaliyokiuka taratibu. Mimi huanza na hoja, hati baadaye.

Je, Rais akiikalia ripoti? Katiba inamtaka aiwasilishe bungeni ndani ya siku saba tangu kianze kikao cha kwanza cha Bunge baada ya yeye kuipokea. Asipofanya hivyo, CAG huipeleka kwa Spika, naye huiwasilisha. Kifungu hiki hakitajwi sana, lakini ndicho kinachoizuia Serikali kuficha aibu yake.

Bungeni kuna kamati mbili: PAC hushughulikia hesabu za Serikali Kuu na LAAC za serikali za mitaa. Huwaita maofisa masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, wajieleze. Kwa maoni yangu hapa ndipo mnyororo unapolegea: miezi hupita kabla ya Bunge kujadili, na utamaduni wa mabunge ya Jumuiya ya Madola wa kumpa mpinzani uenyekiti wa PAC hauna nguvu kubwa wapinzani wakiwa wachache.

Ripoti zikishafika bungeni huwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Tafuta halmashauri yako, kisha uulize lini baraza la madiwani litajadili hoja zake. Vikao hivyo viko wazi kwa wananchi.