Vyama vya wanafunzi vya kimataifa havigawi skolashipu

Kaa kwenye kibanda cha chai nje ya chuo chochote Mbeya au Iringa, hukosi kusikia: "Jiunge na chama cha kimataifa, utapelekwa Ulaya bure." Bure haipo, na Ulaya si lazima.

Chukua IFMSA, shirikisho la vyama vya wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa Copenhagen mwaka 1951. Chama cha kwetu Tanzania, TAMSA, kimo humo. Utaratibu ni wa kubadilishana: vyama vya nchi mbili vinawekeana mkataba, wa kwetu anakwenda, wa kwao anakuja. Anayekwenda hujilipia nauli, viza na bima. Mwenyeji humpa malazi, walau mlo mmoja kwa siku, na nafasi ya kujifunza wodini, kwa kawaida wiki nne. (IAESTE, ile ya kubadilishana wanafunzi wa uhandisi na sayansi kwa mafunzo kazini, iliyoanza 1948, angalau mwajiri hutoa posho ya kujikimu.)

Kinachosahaulika ni upande wa kupokea. Tuseme mwanafunzi wa Brazili anashuka Mbeya mwezi Julai na fulana nyepesi, kwa sababu aliambiwa Afrika ni joto. Nani atamtafutia blanketi? Nani atamtafsiria bibi anayeeleza maumivu kwa Kinyakyusa? Ni wewe mwanachama, ambaye hata pasipoti huna. Kazi ya chama kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo, na kwangu mimi ndiyo tamu yake.

Skolashipu ni dirisha jingine: fuatilia matangazo ya balozi na ya Wizara ya Elimu.