Sindano ya tumboni haiyeyushi bonge la damu

Kwenye baraza za Kibokoni, kwenye foleni ya feri ya Likoni, hata wodini, utasikia mgonjwa mwenye bonge la damu mapafuni "amechomwa sindano ya kuyeyusha damu". Uliza ni sindano gani, utaambiwa ile ya tumboni, inayoacha madoa ya zambarau kando ya kitovu. Hiyo ni heparini, na haiyeyushi kitu.

Ugonjwa wenyewe ni huu: damu huganda, mara nyingi kwenye mshipa wa mguu, kisha bonge hung'oka, hupita moyoni na kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Basi.

Heparini, na vidonge vya warfarini vinavyofuata, huzuia bonge lisikue na mengine yasitokee. Kulimaliza lililopo ni kazi ya mwili wenyewe, kwa kimeng'enya kiitwacho plasmini, na huchukua wiki, pengine miezi. Ndiyo maana matibabu hayapungui miezi 3. Anayeacha vidonge kwa kuwa kifua kimefunguka anajitafutia balaa. (Na hizo habari za "damu nzito" tuziache. Uzito wa damu haubadiliki kwa dawa hizi.)

Dawa ya kuyeyusha ipo, tena ni nyingine kabisa. Alteplezi, kwa kawaida miligramu 100, hutiwa mshipani kwa saa 2 na kuiamsha plasmini kwa nguvu. Tatizo lake haichagui: bonge linaloziba kidonda cha upasuaji wa juzi nalo huyeyuka, na damu yaweza kuvuja ubongoni. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2014 ulijaribu dawa ya jamii hiyo kwa wagonjwa ambao moyo umeelemewa lakini presha haijashuka. Kama 2 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo walipata kiharusi cha kuvuja damu, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Kwa hiyo jamaa wanaoona bonge kubwa kwenye picha ya CT na kudai "apewe ile kali" wanapima kitu sicho. Ukali haupimwi kwa ukubwa wa bonge. Daktari anatazama presha: namba ya juu ikishuka chini ya 90 na kubaki huko dakika 15 au zaidi, upande wa kulia wa moyo umeshindwa kusukuma, na hapo hatari ya kuvuja inakubalika.

Shangazi akikwambia baba ameshayeyushwa damu, usimbishie. Muulize daktari tu: amepewa ya kuzuia au ya kuyeyusha? Ikiwa ni ya kuzuia, mwambie shangazi kwamba baba hajanyimwa dawa.