Vidung'ata na wenzao kwenye okidi: hesabu mayai kabla ya kuchagua dawa

Okidi ya ndani ikishambuliwa, wengi hutafuta dawa kali zaidi. Mimi huanza na swali jingine: mayai yako wapi, na yataanguliwa lini? Dawa nyingi zinazofaa kutumika ndani ya nyumba humuua mdudu zinayemgusa tu, na mayai mengi husalimika. Ndiyo maana mmea huonekana umepona, kisha wiki mbili baadaye mambo yanakuwa yaleyale.

Kwenye falenopsisi, aina ya okidi inayofugwa sana ndani, msumbufu mkuu ni kidung'ata, mdudu mdogo mwororo aliyefunikwa nta nyeupe kama pamba. Jike hutaga mamia ya mayai ndani ya kifuko cha nta nyeupe, na watoto huanguliwa wakiwa wadogo mno, wepesi wa kutembea, na bado hawana nta ya kuwakinga. Hapo ndipo wanapouawa kwa urahisi. Vidung'ata wenye mikia mirefu huzaa watoto hai bila kutengeneza kifuko, kwa hiyo kutoona pamba nyeupe si hakikisho kwamba mmea ni safi.

Usiishie kutazama juu ya majani. Angalia pale jani linapolikumbatia shina, hasa majani ya chini kabisa. Inua kwa kijiti cha meno vile vigamba vya pembetatu kwenye vifundo vya shina la maua. Tazama nyuma ya ua, kisha geuza chungu ukague matundu ya kutolea maji.

Kwa wachache unaowaona, tumia kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Mguse kila mdudu mpaka nta iloe na rangi yake igeuke kuwa ya kahawia. Alkoholi ya asilimia 90 na zaidi hukauka haraka kabla ya kupenya nta, na ni rahisi kuunguza jani. Usiipake kwenye maua wala kwenye ncha za kijani za mizizi, na usiweke mmea juani kabla haijakauka.

Baada ya hapo nyunyiza sabuni ili kuwapata usiowaona: mililita 5 za sabuni laini ya maji kwa lita 1 ya maji. Maji ya mvua au yaliyochujwa ni bora, kwa sababu maji magumu huigandisha sabuni na kuidhoofisha. Sabuni ya unga na ile ya kukata mafuta ya vyombo hazifai, zinaondoa nta inayolinda jani. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ungoje siku mbili. Ukiridhika, lowesha mmea mzima hasa chini ya majani, kisha suuza baada ya saa mbili hivi. Halafu kunja karatasi ya tishu na unyonye maji yote yaliyobaki katikati, pale jani changa linapotokea. Falenopsisi nyingi huoza kitovu kwa maji yaliyosahauliwa hapo, na lawama zikaenda kwa wadudu.

Rudia kila baada ya siku 7, angalau mara nne, hata kama huoni kitu. Mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili, na watoto huhitaji takriban mwezi kukomaa. Ukifuata ratiba hiyo unawakuta kabla hawajaanza kutaga. Ukiruka wiki mbili, unaanza upya.

Wakirudi baada ya raundi zote hizo huku majani yalikuwa safi, shuku mizizi. Toa mmea chunguni, tupa magome yote ya miti uliyopandia, osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu na ukate iliyooza au iliyo tupu ndani. Pitisha mkasi kwenye moto kabla ya kwenda mmea mwingine, kwani virusi vya mozaiki ya cymbidium, vinavyoshambulia okidi, huenea kupitia vyuma. Panda kwenye magome mapya, na chungu kikirudiwa kutumika kioshwe kwa maji moto na sabuni.

Wadudu gamba, wanaojibandika kwenye mmea chini ya ganda, wanahitaji mkono kabla ya dawa. Kwenye katleya, aina nyingine ya okidi, menya maganda makavu yaliyofunika mashina, maana ndiko gamba la Boisduval, mmoja wa wadudu hao, hujificha, kisha sugua kwa mswaki laini. Sabuni haipenyi vizuri chini ya gamba gumu, lakini mafuta humziba pumzi. Changanya mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na mililita 2 za sabuni katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, tikisa mara kwa mara unaponyunyiza, na umalize siku hiyohiyo. Fanya jioni, usinyunyize kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 30. Imidaklopridi, dawa ya wadudu inayosambaa ndani ya mmea, haiwawezi wadudu hawa wenye gamba gumu, kwa kuwa hawanyonyi kwenye mishipa inayobeba dawa hiyo.

Imidaklopridi haiwezi utitiri pia, ambao kwa kweli si wadudu. Ukiona upande wa chini wa jani una vidoa vya rangi ya fedha, pitisha tishu nyeupe, na ikitoka na michirizi ya kahawia nyekundu, umewapata. Hawa huzaana upesi hewa ikiwa kavu na yenye joto, hivyo osha majani pande zote na kunyunyiza sabuni kila baada ya siku 4 badala ya 7.

Vidukari kwenye vichipukizi vya maua huondoka kwa maji ya bomba. Thripsi, wadudu wadogo wembamba, huacha michirizi myeupe kwenye petali. Kata maua hayo na uyafunge kwenye mfuko.

Matone angavu, matamu, kwenye shina la maua bila mdudu yeyote karibu ni asali ya mmea wenyewe. Acha. Lakini utelezi unaonata juu ya majani, wenye ukungu mweusi kama masizi, umedondoka kutoka kwa mnyonyaji aliye juu yake. Mtafute huko juu, halafu tenga chungu hicho mbali na vingine mpaka wiki nne zipite bila kumwona hata mmoja.