Cheti cha umeneja wa uwanja wa gofu: yanayosemwa na yaliyopo

Taja cheti cha CGCS mbele ya watu wa kazi za uwanjani, uwe Nairobi au Dubai, na kila mmoja atakuwa na lake la kusema. Cheti hicho hutolewa na GCSAA, chama cha Marekani cha mameneja wa viwanja vya gofu kilichoanzishwa mwaka 1926, chenye makao Lawrence, Kansas. Kimekuwapo tangu 1971. Uvumi unaokizunguka una hasara moja: unamfanya mtu asome asichokihitaji na kuacha kinachomsubiri.

Dhana: lazima uwe hodari wa kucheza. Hapa vyama viwili vimechanganywa. PGA ya Marekani, inayoandaa walimu wa gofu, ndiyo yenye jaribio la uwezo wa kucheza. GCSAA hawakuulizi unapiga mipigo mingapi. Kanuni za mchezo ni jambo lingine. Wafanyakazi wako ndio wanaopiga rangi mistari ya maeneo ya adhabu na kukata shimo la kipenyo cha milimita 108, kwa hiyo kanuni ni kazi yako. Zilirekebishwa sana mwaka 2019, na daftari la mtu aliyejiandaa kabla ya hapo lina istilahi zilizokwisha kuachwa.

Dhana: aliyezeekea kazini hahitaji kusoma. Hii ndiyo inayowaumiza watu wetu zaidi, na nadhani sababu yake ni fahari. Meneja aliyekulia pwani ya Kenya anazijua nyasi za bermuda na paspalum kama anavyozijua njia za mtaani kwao. Hizo ni nyasi za joto. Vitabu vya Marekani vinazipa nyasi za baridi nafasi kubwa, kama Agrostis na Poa annua, pamoja na ukungu unaozishambulia chini ya theluji. Ugonjwa huo hutauona Mombasa hata ukae miaka arobaini.

Hata nyasi unazozijua zinageuka sura ukivuka bahari. Kikuyu, inayojiotea yenyewe kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki na kubeba jina la watu wa huko, imo kwenye orodha ya magugu hatari ya serikali kuu ya Marekani. Papo hapo, ndiyo inayofunika njia za kuchezea katika klabu ya Riviera, Los Angeles. Bermuda nayo ina mizizi Afrika. Aina kadhaa zinazosifiwa viwanjani leo, kama Tifway 419, ni chotara wa bermuda ya kawaida na jamaa yake kutoka Afrika Kusini, zilizochaguliwa huko Tifton, Georgia.

Dhana: hesabu za mtihani wa cheti hiki ni za darasa la saba. Kweli ni kuzidisha na kugawanya tu, lakini vipimo ndivyo vinavyotega. Vitabu vya Marekani hupima mbolea kwa pauni kwa futi za mraba 1,000. Pauni moja kwa eneo hilo ni karibu gramu 4.9 kwa mita ya mraba. Ukilishika hilo, mengine yanafuata. Chukua grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, ya mita za mraba 500 inayohitaji gramu 2.5 za nitrojeni kwa kila mita. Jumla ni gramu 1,250. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo unapima kilo 2.7. Kwa CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, ya asilimia 26, kilo 4.8. Anayesahau kugawanya kwa asilimia anamwaga kilo 1.25 za urea, kisha anashangaa kwa nini grini haibadiliki rangi.

Kwenye DAP, mbolea ya nitrojeni na fosforasi, mtego ni mbaya zaidi. Mfuko wa kilo 50 ulioandikwa 18-46-0 hauna kilo 23 za fosforasi. Namba ya pili huhesabu P₂O₅, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, na fosforasi yenyewe ni asilimia 44 hivi ya hiyo, yaani karibu kilo 10. Fanya mazoezi ya maji pia: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, basi grini hiyohiyo ikipoteza milimita 5 kwa siku, kuirudishia yote kunataka lita 2,500. Na dawa: ukipunguza mwendo wa trekta kwa nusu bila kugusa presha wala nozeli, kiasi kinachotua chini kinakuwa maradufu. Hapo hujaunguza nyasi tu, umevunja pia maelekezo ya lebo.

Dhana: grini yenye kasi ndiyo grini bora. Stimpmeter, kifaa cha kupimia kasi ya mpira kwenye grini kilichobuniwa na Edward Stimpson mwaka 1935, ina kazi kubwa ya kukuonyesha kama grini zako zinafanana. Kwenye mteremko mkali, kasi ya juu inakunyima mahali pa kuweka shimo.

Dhana: ni mtihani wa nyasi, ukiupita umemaliza. Bajeti, usimamizi wa watu, usalama wa dawa na mazingira vimo, na mtu wa uwanjani mara nyingi huviacha hadi wiki ya mwisho. Kabla ya yote, lazima uwe mwanachama wa daraja A, daraja linalotaka elimu na uzoefu kwa viwango vilivyowekwa. Kuna pia jalada la kazi zako mwenyewe, ambalo halikaririwi usiku mmoja. Anza sasa kutunza rekodi za upuliziaji, vipimo vya udongo, bajeti za misimu iliyopita na picha za kabla na baada. Uwanja wako nao hukaguliwa na wenye cheti hicho. Ukishakipata, unakihuisha kila baada ya miaka mitano kwa kuonyesha kuwa umeendelea kusoma, hivyo hata vyeti vya semina ndogo usivitupe.