Simu na ujauzito: panya wa maabara walipatwa na nini hasa?

Haya ni maswali ambayo akina mama wanaohudhuria kliniki za wajawazito hapa Dodoma hupenda kuuliza, hasa video fulani inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Eti panya wenye mimba waliowekewa simu walizaa watoto wenye kasoro. Ni kweli?

Jaribio lipo, ila habari imetiwa chumvi. Linalotajwa sana ni la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lililotangazwa mwaka 2012. Watafiti waliweka simu iliyo kwenye maongezi, sauti imefungwa, juu ya kizimba cha panya wenye mimba. Kundi jingine likawekewa simu iliyozimwa. Watoto wa kundi la kwanza walipokua, walionekana watundu kupita kiasi na wenye kumbukumbu hafifu. Kilichopimwa ni tabia na kumbukumbu. Viungo kupinda au kukosekana, kama video zinavyodai, havimo.

Sasa angalia udogo wa mnyama mwenyewe. Panya wa namna hiyo ana uzito wa gramu 30 hivi tu, na mimba yake ni ya siku 20 hivi. Simu ikikaa juu yake, mwili mzima unaoga mawimbi, vitoto tumboni wakiwemo. Wewe mama, kati ya simu na mtoto kuna ngozi, mafuta, misuli, mji wa mimba na maji yake, na mawimbi ya simu hufifia haraka yakipenya mwilini.

Nimesikia pia kuna utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani.

Upo, na ripoti zake za mwisho zilitoka mwaka 2018. Panya wa aina kubwa kuliko wale wa Yale waliwekwa kwenye vyumba maalumu tangu wakiwa tumboni mwa mama zao, wakapigwa mawimbi saa 9 kwa siku, kwa miaka miwili. Vipimo vilikuwa wati 1.5, 3 na 6 kwa kila kilo ya mwili. Kikomo cha kimataifa kwa mwili mzima wa raia wa kawaida ni wati 0.08. Yaani hata kipimo chao cha chini kabisa kilizidi kikomo hicho karibu mara 19, na cha juu mara 75! Panya hao walizaliwa na uzito mdogo kidogo. Ajabu yake, madume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuguswa, jambo ambalo video hazilisemi.

Mwaka 2023 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya majaribio mengi ya wanyama. Idadi ya watoto wanaozaliwa haikuonekana kupungua. Uzito ulishuka kidogo, hasa mawimbi yalipokuwa makali kiasi cha kuupasha mwili joto.

Kwa hiyo ukisikia habari ya panya, uliza kwanza: walipewa kiasi gani, na mwili mzima au sehemu?

Si ni mionzi ileile ya eksirei?

Hapana. Ya eksirei ina nguvu ya kuharibu vinasaba. Ya simu ni mawimbi ya redio, na kazi yake inayojulikana vizuri ni kupasha joto.

Mama mkwe hataki nifunge simu kwenye pindo la khanga, kiunoni.

Msikilize tu, haikugharimu kitu. Hakuna uthibitisho kwamba simu kiunoni inamdhuru mtoto, lakini kuiweka kwenye mkoba au mezani ni rahisi. Ukiongea muda mrefu, tumia spika. Ukiwa kijijini, tuseme ndanindani huko Kondoa au Chamwino, na mtandao unasuasua, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Hapo meseji ni afadhali kuliko maongezi.

Basi niizime kabisa mpaka nijifungue?

Usithubutu. Joto tunaloliogopa kweli kwa mjamzito ni la homa, si la simu. Ukipata homa, ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, simu hiyohiyo ndiyo ya kupiga 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Iwe na chaji usiku.