Bashiri kwanza, ndipo ubonyeze

Mwalimu mwenzangu akiniuliza atumie programu gani ya bure darasani, huwa simtajii jina papo hapo. Namuuliza: wanafunzi wako wamekwama wapi? Akisema "mada ya umeme", nambana zaidi: kwenye umeme ni jambo lipi hasa linalowashinda? Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kuzaa kitu, kwa sababu orodha ya programu za bure haina mwisho, na mwalimu anayeanzia kwenye orodha hupoteza jioni nzima akifungua na kufunga kurasa.

Nimefundisha fizikia na hisabati kwa miaka mingi, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwanoa walimu wengine katika matumizi ya kompyuta darasani. Ninachowasisitizia kuliko yote ni hiki: mwanafunzi aandike anachotarajia kuona kabla hajagusa kipanya. Nililijua hilo baada ya kuharibu kipindi.

Mara ya kwanza kuwapeleka wanafunzi kwenye chumba cha kompyuta, niliwafungulia simulesheni ya saketi za umeme ya PhET, yaani jaribio linaloigizwa kwenye skrini. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nikawaambia, "Haya, jaribuni." Kipindi kilichangamka ajabu. Wakarundika betri mpaka moto ukawaka kwenye skrini, wakashangilia, wakaitana waone. Nikatoka kifua mbele. Wiki iliyofuata nikawapa swali moja: mkondo wa umeme ukishapita kwenye balbu, unapungua, unaongezeka au unabaki vilevile? Wengi wakaandika kwamba unapungua, kwa kuwa balbu "imeshautumia". Walikuwa wameitazama ammita, kifaa cha kupimia mkondo, kipindi kizima bila kuiuliza kitu.

Siku hizi kipindi hichohicho kinaanza kwa karatasi. Kila mwanafunzi anachora betri moja, balbu moja na ammita mbili, moja kabla ya balbu na nyingine baada yake. Anaandika kwa kalamu ya wino ammita ipi itasoma zaidi, na kwa nini. Kisha anamweleza jirani yake. Hapo kelele huanza, na ni kelele ninayoitaka, maana kila mmoja sasa ana upande wa kutetea. Baada ya hapo ndipo tunawasha. Betri ni ya volti 9, balbu ina ukinzani wa omu 10. Ammita ya kwanza inasoma ampea 0.90. Ya pili inasoma 0.90.

Darasa linanyamaza. Halafu yupo atakayesema ammita moja ni mbovu. Simkatalii, namwambia azibadilishane mahali. Anazibadilisha, namba ni zilezile. Nawaomba waiwashe sehemu inayoonyesha elektroni, zile nukta za buluu zinazotembea ndani ya waya, wachague moja waifuate kwa macho mpaka izunguke saketi yote. Wanaona zinaingia kwenye balbu na kutoka kwa mwendo uleule, hakuna inayobaki ndani. Kisha tunaongeza balbu ya pili kama ile ya kwanza, zifuatane kwenye njia moja, na kabla ya kuunganisha wanaandika tena. Wengi husema ya kwanza itawaka zaidi kwa kuwa ndiyo inayofikiwa mwanzo. Zinawaka sawasawa, na mkondo umeshuka hadi 0.45. Tukizipanga sambamba, yaani kila moja kwenye njia yake, kila moja inapata 0.90 na betri inatoa 1.80. Kufikia hapo wapo wanaokokotoa jibu kabla ya kubonyeza, na skrini inabaki kuwa ya kuhakikishia tu.

Waundaji wa PhET wenyewe hushauri mwanafunzi aachiwe dakika chache za kuchezea apendavyo mwanzoni. Nakubaliana nao, kwa sababu asiyejua kifaa kiko wapi hawezi kufikiri vizuri. Nasisitiza tu kwamba mchezo huo uwe na kikomo, na kikomo chenyewe kiwe ile karatasi.

Kwenye hisabati utaratibu wangu ni uleule kwa GeoGebra, programu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 alipokuwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Chora pembetatu ambayo pembe zake zote ni chini ya digrii 90, kisha chora duara linalopita kwenye ncha zake tatu. Kitovu cha duara kiko ndani ya pembetatu. Uliza: nikiivuta ncha moja, kitovu kinaweza kutoka nje? Waandike ndiyo au hapana. Ukivuta taratibu, kitovu kinasogea kuelekea ukingoni, na pale pembe moja inapofika digrii 90 kamili kinatua katikati ya upande mrefu kuliko yote. Ukizidisha kidogo tu, kiko nje. Ubaoni ningechora pembetatu tatu na kuwaomba waniamini kuhusu zilizobaki. Hapa wanaziona zote zikipita.

Mahitaji yenyewe ni machache kuliko walimu wengi wanavyodhani. Kompyuta moja na projekta vinatosha kabisa kwa utaratibu huu, kwa kuwa kazi kubwa iko kwenye karatasi na midomoni mwa wanafunzi. Kuna siku ambazo naona kompyuta moja ni bora kuliko arobaini: macho yote yako mahali pamoja, na hakuna anayekimbilia mbele. Intaneti nayo si lazima iwepo wakati wa kipindi. Simulesheni nyingi za PhET hupakuliwa kila moja kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari, na baadhi zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Scratch, ya kufundishia uandishi wa programu, iliyotoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007, ina toleo la kusakinisha kwenye kompyuta. Kiwix hukuwezesha kusoma Wikipedia ukiwa nje ya mtandao. Na shule ikiwa na kompyuta moja yenye Kolibri, programu ya kuhifadhi na kugawa masomo, vishikwambi vilivyo karibu vinaweza kuunganishwa nayo na kusoma masomo yaliyohifadhiwa humo bila intaneti yoyote. Pakua ukiwa nyumbani, weka kwenye flashi, jaribu kwenye kompyuta ileile utakayoitumia. Kujaribu kwenye kompyuta nyingine hakuhesabiki.

Sasa nije kwenye neno "bure". Kiswahili kimetupa maneno mawili mazuri, bure na huria, na mwalimu anapaswa kuyatofautisha. Programu ya bure ni ile usiyoilipia leo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi na leseni yake inakuruhusu kuinakili, kuirekebisha na kuigawa. Moodle ya kuendeshea kozi, LibreOffice ya kuandikia na kufanyia hesabu, na Kolibri ni huria, na nakala niliyo nayo hakuna atakayekuja kuninyang'anya. Huduma ya bure inayoishi kwenye seva ya kampuni iko chini ya kampuni hiyo. Edmodo, iliyokuwa ikitumiwa na walimu katika nchi nyingi, ilifungwa Septemba 2022. Teknolojia ya Flash, iliyoendesha michezo ndani ya vivinjari, ilipofikishwa kikomo mwishoni mwa 2020, michezo na mazoezi mengi ya masomo yaliacha kufunguka. Mimi pia niliwahi kukusanya kazi za wanafunzi za muhula mzima kwenye ubao wa mtandaoni wa bure. Masharti yakabadilika, na kazi za vikundi viwili sikuzipata tena. Niliumia sana, kwa sababu zilikuwa jasho la watoto. Tangu hapo, kabla ya kuanza kutumia huduma yoyote natafuta kwanza mahali pa kupakulia kazi zote kwa pamoja. Nikipakosa, siitumii kwa kitu ninachotaka kibaki.

Akaunti za wanafunzi ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko yote. Kila programu inayodai jina, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto inachukua kitu ambacho si cha mwalimu kukitoa. Sheria ya Marekani ya 1998 inataka idhini ya mzazi kabla ya huduma za mtandaoni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Ile ya Umoja wa Ulaya inaweka miaka 16, huku ikiziruhusu nchi wanachama kushuka hadi 13. Lakini hata pasipokuwa na sheria, uliza kama akaunti inahitajika kweli. PhET haiidai kwa mwanafunzi. GeoGebra inachora bila akaunti. Scratch inamruhusu mtoto kuunda mradi na kuuhifadhi kwenye kompyuta yake bila kujisajili popote. Programu ikikataa kufunguka mpaka kila mtoto ajisajili, mimi huiacha na kutafuta nyingine, hata kama ina rangi za kuvutia.

Michezo ya maswali ya kushindana naitumia kwa nadra. Inazawadia mwenye kidole chepesi, na yule anayefikiri taratibu, ambaye mara nyingi ndiye aliyeelewa zaidi, anaona jina lake likishuka mbele ya wenzake. Ukiitumia, zima saa au ongeza muda.

Nisiache hisia kwamba skrini inatosha. Betri ya kwenye simulesheni haichoki, waya zake hazilegei, na balbu haigomi kwa sababu ya kutu. Ndiyo maana pembeni ya kompyuta huwa naweka betri, balbu ya tochi na vipande viwili vya waya vya kushika mkononi. Umuhimu wake niliuona siku ambayo, baada ya zile 0.90 mbili, msichana mmoja aliyekuwa kimya kipindi kizima alinyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama mkondo hauishi, kwani kinachoisha kwenye betri ni nini?"

Kengele ilikuwa inakaribia. Simulesheni haikuwa na jibu, maana betri yake ingewaka mpaka kesho. Nikaandika swali lake ubaoni neno kwa neno, nikaomba lisifutwe, na kipindi kilichofuata tulikianzia hapo, kompyuta zikiwa zimezimwa, betri mpya na iliyokwisha zikiwa juu ya meza.