Udahili wa PhD ya fizikia Marekani, na hiyo mnayoiita skolashipu

Kila majibu ya vyuo yakianza kutoka, makundi ya WhatsApp hujaa hongera: fulani kapata skolashipu ya PhD ya fizikia Marekani. Hongera anastahili. Ila mara nyingi alichopata si skolashipu, na kukiita hivyo kunawapoteza wanaotaka kumfuata.

Udahili wenyewe, kwa kifupi: idara nyingi hufunga maombi katikati ya Desemba kwa masomo ya mwaka unaofuata. Unapeleka matokeo ya chuo, barua tatu za mapendekezo, maelezo ya utafiti unaoutaka, na mtihani wa Kiingereza, yaani TOEFL au mfano wake. Mtihani wa kuingilia wa GRE ya fizikia idara nyingi zimeuacha au zimeufanya hiari. Uzamili si lazima. Anayechagua ni kamati ya maprofesa wa idara, si mfumo unaopanga watu kwa alama kama KUCCPS ya Kenya.

Na kamati hiyo kabla ya kuuliza nani ana akili, huuliza tunaweza kuwalipa wangapi, na kwa kazi gani. Hapo ndipo skolashipu inapoachana na jambo hili. Unalipiwa ada na kupewa posho kwa sababu umeajiriwa. Mwaka wa kwanza kwa kawaida utafundisha: unasimama maabara na vijana wanaopima mwendo wa pendulumu, wengi wao wanalenga udaktari na fizikia hawaitaki, kisha unasahihisha rundo la ripoti zao. Kazi hiyo haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Viza ya mwanafunzi, F-1, nayo hairuhusu kazi zaidi ya hapo muhula ukiendelea. Na kwa kuwa utafundisha, vyuo vingi huikodolea macho alama ya kuzungumza kwenye TOEFL. Baadaye profesa akikuchukua, unalipwa kutoka ruzuku yake ya utafiti, tuseme ya NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, au ya Wizara ya Nishati ya huko. Ruzuku ikikauka, unarudi kwenye pendulumu. Pesa isiyodai kazi ipo pia, lakini wanaoipata ni wachache.

Ukilielewa hili, hutashangaa mwenye GPA ya 4.8 akakosa na wa 4.3 akapita. Wa kwanza huenda aliomba nadharia ya chembe, ambako maprofesa hawana nafasi. Wa pili aliomba maabara ya leza inayotafuta mikono. Barua yake ya mapendekezo nayo ilieleza jinsi alivyofufua spektromita iliyokuwa imelala stoo, wakati ya mwenzake ilisema tu kwamba ni mtiifu na anahudhuria vipindi. (Walimu wetu, tafadhali.)

Basi anayekuja kuwauliza "skolashipu inapatikana wapi?" msimpeleke kwenye orodha za wafadhili. Mwambieni afungue ukurasa wa idara, atazame nani anatafiti nini, kisha aombe shule na kazi kwa mpigo. Akipata, mpongezeni kwa jina halisi la alichopata: kaajiriwa.